Nasifu Kuchelewa kwa Myombekere

Shemeji yangu alinirudishia kitabu Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Alikiweka mezani kwa mikono miwili, akakisogeza upande wangu, halafu akanyamaza kidogo. "Shemeji, mimi nimeshindwa," akasema. "Hii wiki ya tatu nasoma. Yule bwana kila nikimfungua yuko ukweni anasalimia."

Masikitiko yake yalikuwa ya kweli, na yaliniingia, maana ni mimi niliyemsifia kitabu hicho mpaka akakichukua. Ni msomaji hodari. Amekulia kwenye riwaya za Elvis Musiba, zile za Willy Gamba, akizisoma usiku kwa mwanga wa koroboi hadi wazazi wake wakawa wanamnyang'anya. Nilipomwambia hii ni riwaya ya kihistoria, alitarajia yale ambayo shule imetuzoesha kuyaita historia: watemi, vita, misafara ya pembe za ndovu, Mjerumani na bendera yake. Alichokipata ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali ya Aniceti Kitereza, kurasa zaidi ya 600 za maisha ya kale ya kisiwa cha Ukerewe, ambako tukio kubwa la sehemu nzima laweza kuwa mgeni kufika, kukaribishwa, kula na kuaga.

Anachokilalamikia kipo. Siwezi kumwambia kwamba hakusoma vizuri. Riwaya hii inakwenda pole, inarudia, inasimama njiani kuangalia shamba la mtu. Na hicho hasa ndicho ninachotaka kukisifu, kero kwa kero, kwa sababu miaka yote niliyokaa na kitabu hiki nimewasikia watu wakikisifu kwa huruma. Husema ni hazina ya utamaduni, kisha huguna na kuongeza kuwa bahati mbaya mwendo wake ni mzito. Mimi nausifu mwendo wenyewe.

Naanza na salamu, maana ndizo zilizomshinda shemeji yangu.

Myombekere amenyang'anywa mke. Wao wawili hawana mtoto, ndugu wa mume wamechoka kungoja, maneno makali yamemfikia Bugonoka, na wazazi wake wamekuja kumchukua binti yao na kumrudisha nyumbani. Myombekere hataki mke mwingine. Anamtaka huyuhuyu. Basi anafunga safari kwenda ukweni kuomba, na anapofika, hasemi kilichomleta. Anasalimia. Anasalimiwa. Wanaulizana habari za wazima na wagonjwa, za mashamba, za mvua, za njia aliyopitia. Anapewa pa kukaa. Wanaulizana tena. Msomaji mwenye haraka huona hapo kurasa zimepotea.

Lakini mtazame huyo mwanamume alipokaa. Ukweni kwake hakuna karani wa mahakama wala cheti cha ndoa atakachokitoa mfukoni. Kesi yake yote imo katika namna atakavyokaa, atakavyojibu, atakavyoinamisha macho, na muda atakaoweza kuvumilia bila kulitaja jina la mkewe, ambaye huenda yumo humohumo ndani anasikia. Wakwe nao wanamsoma. Kila "habari za huko" ni swali lenye swali jingine tumboni. Anayeziruka salamu hizo ili aifikie kesi ameiacha kesi nyuma.

Nakumbuka nilipokwenda, miongoni mwa wazee wa upande wetu, kupeleka barua ya posa ya mpwa wangu. Tulikaa karibu saa mbili. Tulizungumza bei ya mahindi, tukazungumza barabara, tukazungumza marehemu mmoja ambaye pande zote mbili zilimfahamu. Mshenga wetu alikuwa mzee mtulivu ambaye hakuigusa bahasha hata mara moja. Kijana mmoja tuliyekuja naye akawa anaangalia simu. Baadaye tuliambiwa kwamba ukweni walikuwa wamekwisha kubali zamani, wakati tukiwa kwenye habari za yule marehemu, kwa jinsi mshenga alivyomtaja. Kitereza angeyajaza mazungumzo hayo kurasa ishirini na asingepoteza hata moja.

Ya pili ninayoisifu ni pombe.

Wakwe wanakubali kumrudisha Bugonoka kwa sharti: Myombekere alipie kosa kwa pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angeandika "baada ya siku kadhaa Myombekere alipeleka pombe" na angeendelea na safari yake. Shemeji yangu, kwa maneno yake mwenyewe, angemshukuru mwandishi huyo. Kitereza anakataa. Anatutia shambani.

Anayezifahamu kazi za watu wa kando ya Ziwa Viktoria anajua kwamba pombe ya ndizi haiharakishwi na mfalme wala na mwenye shida. Ndizi lazima zikatwe zikiwa zimekomaa. Lazima zivundikwe, zifunikwe majani ya migomba, zipate joto, na zihesabiwe siku mpaka ziive zote pamoja, maana zikiiva nusu hazitoi maji ya kutosha na zikipitiliza zinaharibika. Kisha zimenywe, zikamuliwe kwa majani mpaka maji yatoke, yachujwe, utiwe mtama uliokaangwa na kusagwa, na baada ya hapo kilichobaki ni kungoja ichachuke. Kazi inataka mikono mingi. Mtu aliyegombana na jirani yake hawezi kuikamilisha. Aliye peke yake nyumbani, mke wake akiwa kwao, anaifanya huku akiona kwa macho yake ni kazi ngapi za nyumba zilizokuwa mikononi mwa mwanamke aliyemwacha aondoke.

Hiyo ndiyo adhabu. Wakwe hawakuwa na kiu. Walimpa Myombekere muda wa lazima, usiofupishika, wa kufikiri juu ya mkewe, na kipimo cha muda huo ni ndizi. Mwandishi angeturusha hapo tungeiona pombe kama faini, kama vile mtu analipa kituoni na kuondoka. Kwa kuwa ametuweka tungoje nayo, tunaielewa sheria ya watu wale kuliko ambavyo tungeielewa kwa kuelezwa. Sijapata kuona kitabu cha historia kinachonionyesha hivyo namna jamii isiyo na gereza ilivyomfanya mtu atubu.

Kuhusu uvuvi, kilimo, ujenzi wa nyumba, mitego na vyakula, sina mengi ya kusema. Yamo, na ni mengi, na yapo mahali ambapo hata mimi nimepitisha jicho tu.

Kutembea nakusifu kwa ufupi. Watu wa Kitereza wanatembea. Wakitoka kijiji hiki kwenda kile, tunakwenda nao, tunakutana na watu njiani, tunajibu salamu zao. Katika riwaya nyingi za kihistoria za siku hizi mtu wa zamani huamka mlango huu na kutokea mlango ule, kama aliyepanda bodaboda, na kwa hiyo nchi anamoishi haina ukubwa. Ukiutoa mwendo wa miguu katika karne zilizopita umeutoa umbali, na umbali ukishatoka huwezi tena kuelewa kwa nini binti kuolewa kijiji cha pili kulikuwa jambo la kulilia.

Sasa nifike kwenye kero kubwa kuliko zote, ile ambayo msomaji akiitaja huwa hakosei: mtoto haji.

Bugonoka anarudi kwa mumewe, na tunadhani sasa riwaya itaanza. Bado. Kuna mganga, kuna dawa, kuna miiko ya dawa, kuna kurudi tena kwa mganga. Miezi inapita. Majirani wanaulizana. Ndugu wanaangalia. Hakuna siri ya kufichuliwa wala adui aliyejificha nyuma ya mgomba. Kuna watu wawili wanaopendana na kungoja. Majina ya watoto yamo katika jina la kitabu tangu jalada, kwa hiyo hata taharuki ndogo ya kujua kama watazaliwa mwandishi ametunyima. Tunajua watakuja. Tunalazimika kuwangojea hivyo hivyo.

Nimeishi jirani na nyumba ya namna hiyo. Sitasema zaidi juu yake, ila nitasema kwamba miaka ya watu wanaotafuta mtoto haina matukio. Mtu wa nje anaona nyumba imetulia, watu wanakwenda kazini na kurudi. Ndani yake kila mwezi una matumaini yake na maziko yake. Riwaya ambayo ingeyapita hayo kwa sentensi moja ili itufikishe kwenye kilio cha mtoto ingekuwa imemdanganya kila mwanamke aliyewahi kuulizwa na wifi yake, "Vipi, bado?" Kitereza anatufanya sisi wasomaji tuwe wale ndugu wa mume. Tunachoka. Tunanung'unika. Tunataka mambo yaende. Kisha tunatambua kwamba uchovu wetu ndio ule uliomfukuza Bugonoka mwanzoni mwa kitabu.

Kitereza aliyajua haya kwa mwili wake. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari, akafika seminari ya Rubya, akajifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, kisha akarudi kisiwani na kuoa. Yeye na mkewe walizika watoto wao wakiwa wadogo. Alibaki na mke huyohuyo. Majina aliyowapa watoto wa riwaya yake, Ntulanalwo na Bulihwali, ni majina ya Kikerewe yanayobeba kumbukumbu ya kifo, majina ya watoto wanaozaliwa katika nyumba iliyokwisha kufiwa. Ninapoyasoma kwenye jalada huwa sioni tena urefu wa jina la kitabu.

Aliandika kwa Kikerewe, lugha ya wasemaji wachache, akihimizwa na padri Mkanada, Almas Simard, na alimaliza mwaka 1945. Alitaka lugha na desturi za kwao zisipotee, na nia hiyo inaonekana wazi. Kuna kurasa ambapo anasimama kutufundisha, na hapo sauti ya mwalimu inaifunika sauti ya msimuliaji. Hilo nalikubali bila kuvutana. Lakini hakuwepo mchapishaji wa riwaya ya Kikerewe ya ukubwa ule. Mswada ukakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika Ukerewe kufanya utafiti wa historia, wakamkuta mzee na mswada wake. Kitereza mwenyewe, akiwa sasa mtu mzima sana, akaketi na kuifasiri kazi yake yote kwa Kiswahili ili ipate wasomaji. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 mwandishi akafariki.

Kutoka 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Huwa naifikiria miaka hiyo ninapoambiwa kwamba sura fulani imechukua muda mrefu kufika mwisho.

Mwaka huohuo 1980, huko Italia, kilitoka kitabu kingine cha watu wa kale wanaokwenda polepole. Umberto Eco, profesa wa semiotiki, alitoa riwaya yake ya kwanza, Il nome della rosa, iliyo ndani ya monasteri moja mwezi Novemba mwaka 1327. Baadaye Eco alieleza kwamba marafiki na wahariri walimwomba azifupishe kurasa mia za mwanzo kwa kuwa ni ngumu na zinachosha. Hakukubali. Hoja yake ilikuwa kwamba anayetaka kuingia monasteri hiyo na kukaa humo siku saba sharti aupokee mwendo wa monasteri yenyewe, na asiyeweza kuupokea hatafika mwisho wa kitabu. Zile kurasa mia alizihesabu kama toba ya kuingilia, na aliyeshindwa nazo akamwachia abaki chini ya kilima. Ulimwengu ulimsikiliza, na kitabu chake kikauzwa kwa mamilioni.

Nawaweka wawili hawa pamoja kwa sababu walifanya uamuzi mmoja bila kujuana. Cha Eco tuliambiwa ni ufundi. Cha Kitereza tuliambiwa ni uzito wa mzee wa kijijini asiyejua kujenga msuko. Hilo linaniudhi hadi leo. Mtu aliyesoma Kilatini seminarini alijua kabisa kwamba hadithi inaweza kuanzia katikati ya vita. Alichagua kuanzia penye nyumba.

Na sisemi kwamba kila riwaya ya kihistoria inayochosha ni nzuri. Zipo zinazochosha kwa uvivu. Mwandishi amesoma vitabu kumi kuhusu karne fulani na hawezi kuvumilia kutotuonyesha, basi anamsimamisha shujaa wake katikati ya sokoni ili amhesabie mwenzake mambo ambayo wote wawili wanayajua: nani ni sultani, ushuru ni kiasi gani, meli zimetoka wapi. Hizo nimezitupa bila majuto. Kipimo changu ni chepesi. Naangalia ni nani anayengoja. Kama ni msomaji peke yake anayengoja huku watu wa ndani ya kitabu hawana wanachokingojea, mwandishi ametupotezea muda. Kama wahusika nao wanangoja, mvua, ndizi, mtoto, jibu la wakwe, basi kuchelewa huko ni mali yao, nasi tumepewa sehemu.

Kwa kipimo hicho nazisifu pia riwaya zinazokimbia. Shafi Adam Shafi katika Kasri ya Mwinyi Fuad anakwenda kwa kasi kwa sababu anaandika juu ya Zanzibar inayoelekea mapinduzi ya 1964. Wafanyakazi wa shamba la karafuu la Mwinyi Fuad hawana sababu ya kuomba siku zao zirefushwe. Mwendo wa Kitereza ungekuwa dhuluma pale. Vivyo hivyo mwendo wa Shafi ungekuwa dhuluma Ukerewe.

Nilimweleza shemeji yangu sehemu ya haya, siyo yote. Alinisikiliza kwa heshima. Akakubali habari ya pombe. Alisema hakuwa ameifikiria hivyo. Habari ya mtoto aliisikia akiwa anatazama dirishani. Mwisho akasema, "Shemeji, nakuelewa, lakini mimi nikirudi kutoka kazini nina saa moja tu kabla sijalala. Saa hiyo moja siwezi kumpa mtu anayesalimia."

Sikuwa na jibu, na sina hadi sasa. Saa moja kwa siku, baada ya daladala mbili za kwenda na mbili za kurudi, ni kitu halisi. Nisingemwongezea. Pengine kitabu hiki kinamtaka mtu mwenye jioni ambazo wengi wetu hatunazo tena, na kama ni hivyo, lawama haimwendei yeye wala haimwendei Kitereza. Ila nilihuzunika, kama unavyohuzunika wageni wawili unaowapenda wanapokutana nyumbani kwako wakakosa la kuongea.

Alipoondoka nilikifungua kitabu mahali alipoishia. Alikuwa ameweka risiti ya umeme wa LUKU kama alama, imekunjwa mara moja. Hakuwa mbali na pale pombe inapokuwa tayari. Zilibaki kurasa chache tu. Sijaiondoa risiti ile. Kila ninapokisoma tena kitabu na kufika hapo, huinua ukurasa taratibu ili isianguke, halafu naendelea ukweni.